Maneno Sita Yangu, Sita Yake

Mume wetu alipofariki tulikaa eda wajane wawili: mimi mtaani Kiponda, katika ghorofa aliyoniweka tangu ndoa yetu, na mke mwenzangu huko Mwanakwerekwe, katika nyumba ya vyumba viwili aliyomjengea miaka mingi baadaye. Nasema "mume wetu" kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Zamani nisingelitamka neno hilo hata kwa kulazimishwa.

Alikuwa mtu wa zamu. Usiku mmoja kwangu, usiku mmoja kwake, na kazi ikimchelewesha kuja kwangu alinifidia bila ya kuombwa. Kanga za sikukuu alinunua doti mbili za rangi moja ili asisikie neno. Mchele, mafuta, hata samaki wa kupewa, vyote vilikatwa katikati. Kwa uadilifu sikuwahi kumlaumu. Lakini mimi na mwenzangu hatukuwa tukiingiliana. Tukikutana arusini aliniamkia, nikamwitikia, kisha kila mmoja akatafuta upande wake wa jamvi.

Alifia kwake. Ilikuwa zamu yake, alfajiri, kifua kikambana, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshaondoka. Mimi niliambiwa kwa simu. Watu walipokuja kunipa pole nikawa nalilia mambo mawili: kwamba amekufa, na kwamba amekufa kwa mwenzangu. La pili sikumwambia mtu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza viyoyozi na mafriji. Miaka yake ya mwisho alipata kazi nyingi katika nyumba mpya za Fumba, na huko mgeni mmoja akaanza kumlipa kwa sarafu za mtandaoni. Marehemu hakuzielewa. Aliyezielewa ni mdogo wake, shemeji yetu, ambaye alimpokelea na kumwekea katika akaunti yake mwenyewe. Marehemu alikuwa akisugua grisi mikononi pale karoni, penye bomba la maji, na kusema, "Hiyo ndiyo hija yangu." Nilikuwa nikimcheka. Hija iko Makka, nikimwambia, si ndani ya simu ya mdogo wako.

Basi tukiwa bado ndani ya eda, shemeji akaja kuzungumza habari ya mirathi. Alikaa nje ya pazia kama inavyopasa, mimi ndani, nasikia sauti yake tu, na ilikuwa imefanana sana na ya kaka yake hata nikamwomba aseme polepole. Mali ilikuwa si nyingi na haikuleta ugomvi. Wanangu wawili, watu wazima wote, walitaka sehemu zao kwa shilingi. Sehemu ya wake ni thumuni, moja katika nane, na hiyo ni moja tu. Wake wakiwa wawili wanaigawana hiyohiyo. Nilijifunza hukumu hiyo chuoni, kwenye Kurani, nikiwa mtoto wala haikunishughulisha. Siku ile, nyuma ya pazia, ilinishughulisha.

Nikamuuliza shemeji habari ya hija. Yeye alikuwa ameshakwenda kwa shekhe. Shekhe alimjibu kwamba marehemu hakufikia uwezo, kwa hiyo hija haikuwa deni juu ya mali yake, na anayetaka kumfanyia hija ya badali, yaani kumpeleka mtu aliyekwisha kuhiji ahiji kwa niaba yake, basi amfanyie kwa chake mwenyewe. Kuhusu zile sarafu zenyewe shekhe alisema mashekhe wamehitilafiana, na akaishia hapo. Nikajua papo hapo kwamba sehemu yangu itakwenda kwenye hija yake. Nilichokuwa sijui ni kama mwenzangu naye ana nia hiyo, maana nusu ya thumuni haimfikishi mtu hata Jedda.

Yeye ndiye aliyenipigia. Simu ikaita, nikaona jina nililomwandikia, ambalo sitalisema hapa kwa sababu halikuwa jina zuri.

"Naam," nikaitika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mara ya mwisho mimi na yeye kuzungumza kwa simu ilikuwa ni habari ya ufunguo ambao marehemu aliusahau kwake. Halafu akasema kwa haraka, kama aliyekuwa amejizoeza, kwamba fungu lake analitoa lote kwa hija ya marehemu, na kama nami nataka, tuyaweke pamoja mpaka yafike. Nikamwambia nataka. Nikamwambia pia amwambie shemeji azigeuze sarafu ziwe shilingi, tuziweke mahala.

"Hapana, dada, nnakuomba," akasema. "Zikiwa shilingi zitaliwa. Utaumwa utazitia mkono, ntaumwa ntazitia mkono, atakuja ndugu na shida yake, na hija itakuwa imekwenda na wala hatujui imekwendaje."

Hapo alisema kweli, na niliudhika kwamba ni yeye aliyeisema. Alikuwa na meza yake sokoni Mwanakwerekwe akiuza vocha, kava na chaja, na kutuma fedha za watu. Mambo ya simu aliyajua. Alinieleza kwamba hata kwa shemeji zisikae. Shemeji ni mtu mwema, lakini naye ni kiumbe, na akifa yeye nani ataingia humo? Tufungue pochi yetu wenyewe. Nikauliza hiyo pochi iko wapi. Akasema sarafu zenyewe haziko ndani ya simu. Zimeandikwa huko mtandaoni mahala ambapo dunia nzima inaweza kuziona na hakuna anayeweza kuzigusa. Kilichomo ndani ya simu ni ufunguo tu. Na ufunguo huo ukipotea unaweza kuundwa upya kwa maneno kumi na mawili, ambayo mtu hupewa mara moja anapofungua pochi, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali.

Nikamuuliza, je, maneno yakipotea tunakwenda ofisi gani?

Akanijibu kwamba hakuna ofisi, hakuna meneja wala wa kupigiwa simu. Yakipotea yamepotea, na akiyapata mwizi amezipata.

Neno hilo lilinitia hofu kuliko yote. Mimi ni mtu wa kwenda ofisini. Nimezoea kuvaa buibui langu, nikaenda kukaa mbele ya meza ya mtu, nikaghadhibika mpaka jambo langu likatengenea. Mali isiyo na mtu wa kughadhibikiwa niliiona si mali. Lakini nilikuwa ndani ya eda, kutoka sitoki, na hija ya mtu ilikuwa inaning'inia. Nikakubali, kwa sharti langu: maneno tuyagawe. Sita ya mwanzo yakae kwangu, maana mimi ndiye mkubwa, na sita ya mwisho yakae kwake. Hapo hakuna atakayefungua bila ya mwenziwe.

Nilijiona hodari kwa fikira hiyo. Sasa najua kwamba wengine, wenye kujua, wangeliandika yote kumi na mawili mara mbili na kuyaficha pahala pawili. Sisi kila kitu tulikuwa tukikikata katikati, na mikono yetu haikujua namna nyingine. Yeye hakubisha hata kidogo, akasema, "Sawa, dada, ni haki."

Nikamtuma binti yangu huko Mwanakwerekwe. Alinisimulia aliporudi. Mwenzangu alikuwa amevaa nguo zake za eda, hana wanja wala hina, ameketi na simu mbili: moja kuukuu aliyokuwa akitumia mezani pake sokoni, na hiyo ndiyo aliyoifuta yote ikabaki tupu kwa ajili ya pochi. Maneno yalipotokea, binti yangu akaishika simu, akaandika sita ya juu huku sita ya chini ameyaziba kwa kiganja, kisha mwenzangu akaandika yake naye ameyaziba yangu. Simu ikawataka wahakikishe kwa kuyapanga upya kwa utaratibu wake, na kila mmoja akabonyeza yake. Wakamaliza, wakala mkate wa kumimina, na binti yangu akaniletea kikaratasi ndani ya kiatu. Shemeji naye akazituma humo sarafu za mafungu yetu mawili.

Yalikuwa maneno ya Kizungu, ya kawaida kabisa, yasiyohusiana. Sitayataja hata moja.

Sasa, anayejua nyumba yenye eda atanielewa. Faragha haipo. Tangu asubuhi wanaingia majirani, wanaingia mawifi, mwengine anakuletea uji, mwengine anapanga nguo zako kabatini bila ya kuombwa kwa kuwa anataka akusaidie. Nilikitia kikaratasi ndani ya foronya; siku ya pili foronya ikafuliwa, nikakiokoa kwa kudai nahisi baridi ya shingo. Nikakiweka nyuma ya picha ya Alkaaba. Mtu akaishusha aipanguse. Mwisho nikafanya nilichofundishwa utotoni. Nikayahifadhi. Niliyasoma kwa mahadhi yaleyale tuliyosomea chuoni, kwa sauti ya chini, natikisika kidogo, na wanawake waliokaa pembeni wakadhani namsomea marehemu, wakainamisha vichwa. Kikaratasi nikakichoma kwenye chetezo kisichokuwa na udi. Nisamehewe kwa hilo la vichwa.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa karibu nami zaidi, na ndiye aliyenitoboa sikio kwa tahadhari. Alimpenda kaka yake na hakumpenda mke wa pili, basi. Kila alipokuja aliniuliza kama zile sarafu bado zipo, na nani anazitazama. Simu iko kwa nani? Kwa yule. Aha, akasema, akabetua mdomo.

Eda zetu zilimalizika siku moja, kwa kuwa mume wetu alikufa siku moja. Nilikoga, nikavaa, nikateremka ngazi nikasimama mlangoni. Jua lilikuwa kali na uchochoro ulikuwa uleule. Nilijua kwamba wakati huohuo, huko Mwanakwerekwe, mwenzangu naye anatoka, anafunga mlango wake, anasimama mahala hajui aende wapi. Hakuna mtu mwengine duniani aliyekuwa akifanya jambo lile kwa ajili ya yule mtu. Nilitaka kumpigia, sikumpigia.

Maisha yakaendelea. Mimi nilirudi kwenye kushona kofia, naye kwenye meza yake. Kila mmoja alipopata cha ziada alimpa shemeji, naye akanunua sarafu na kutuletea pochini. Bei zake zilipanda na kushuka na nilikataa kuambiwa. Kila Ijumaa mwenzangu alinitumia ujumbe wa neno moja tu: "Zipo." Nami nilimjibu, "Alhamdulillahi." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote, na nilianza kuungojea ujumbe wake.

Kisha Ijumaa moja neno halikuja. Ilipofika jioni alinipigia. Ile simu ilikuwa imemwangukia ndani ya ndoo ya maji, akaianika, akaipeleka kwa fundi, imekufa. Amepata nyengine. Lakini pochi haitarudi mpaka yaandikwe maneno yote, na anayo sita tu.

"Nnahitaji yako, dada," akasema.

Wifi alikuwepo, akasikia. Alingoja nikate simu, akasema kwa utulivu kabisa kwamba nikimpa yale sita nimempa vyote, na kwamba ndoo ya maji ni hadithi ya zamani sana. Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalifikiri hilo kabla hajafungua mdomo. Nilikaa nikiitazama kofia iliyokuwa mapajani mwangu, na nilichokiona si fedha; nilimwona marehemu pale karoni, anasugua grisi, anasema hija yangu. Ikiwa nitanyamaza, hija imekufa ndani ya ndoo. Ikiwa nitasema, nimeikabidhi kwa mtu ambaye sikuwahi kunywa chai yake.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nitayaandika kwa kidole changu, mbele yake, na hatayaona.

Sikuwahi kuingia nyumba ile. Mlangoni palikuwa na viatu vya kazi vya marehemu, vimefutwa vumbi. Ndani, chini ya kochi, sanduku lake la vifaa, nililolitafuta kwangu nikadhani limeibwa. Kumbe kila kitu chake nilichokosa kilikuwa huku. Nilijihisi kama mtu aliyeingia chumba cha pili cha nyumba yake mwenyewe ambacho kilikuwa kikifungwa siku zote. Mwenzangu alinipokea kwa heshima, akaniweka mahala pazuri, akaleta chai ya tangawizi. Nikainywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi, kama alivyokuwa akiipenda marehemu na mimi nikimkatalia kwa ajili ya tumbo lake.

Tukakaa juu ya mkeka. Simu ikauliza neno la kwanza. Nikajifunika mtandio kichwani pamoja na simu, nikaandika yangu, moja baada ya moja, na midomo ikawa inayasoma kwa yale mahadhi bila ya hiari yangu. Nikampa. Yeye hakujifunika. Aliandika yake sita mbele ya macho yangu, simu iko baina yetu, na mimi nikayatazama maana sikuweza kujizuia. Pochi ikafunguka. Zilikuwepo zote.

Nikajiandaa kuaga.

"Dada, kaa kidogo," akasema. "Nna mawili ya kukwambia, na la kwanza litakuudhi."

La kwanza lilikuwa hili. Kugawana kwetu maneno hakukufunga kitu. Maneno ni ya siku ya kupotelewa. Mwenye simu iliyofunguliwa pochi anatuma kwa namba yake ya siri, haulizwi neno hata moja. Zaidi ya hayo, mwenye namba ya siri angeweza kuingia ndani ya mipangilio na kuyasoma maneno yote kumi na mawili, yangu na yake. Alikuwa hajui tulipoanza. Alilijua tukiwa bado ndani ya eda, na tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa mkononi mwake peke yake.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Usingelala," akasema. "Na mie nilikuwa nshajua sitozigusa. Basi nikaona nikae nalo mwenyewe."

Sikujua nimkasirikie au nimshukuru, nikafanya la kwanza kwa kuwa nimelizoea zaidi. Nikamwambia kwamba nusu ile ilikuwa haki yangu na hakuwa na ruhusa ya kunifanya mjinga kwa huruma yake. Akakubali. Akainamisha kichwa, akaniachia niseme mpaka nikaishiwa. Na nilipoishiwa ndipo nilipofahamu kwamba Ijumaa zote zile, "zipo" lilikuwa neno la mtu ambaye angeweza kuzitoa, na hakuzitoa. Nikaona haya kwa yale niliyokuwa nikiyafikiri njiani.

Halafu, bila ya kupanga, nikamuuliza kuhusu usiku ule wa mwisho. Nilikuwa nimelibeba swali hilo muda wote. Akanieleza bila ya kupamba. Marehemu alikula kidogo. Alilala chali, akazungumza sana, naye hakuwa msemaji. Alimuuliza kama siku hizi kuna meli ya kwenda Jedda.

"Meli ya nini?" nikasema. "Watu wanakwenda kwa ndege."

"Ndege alikuwa akiiogopa, dada. Hukujua?"

Sikujua. Miaka yote ile aliniambia fedha hazijatosha, nami nikimcheka. Huku aliweza kusema kwamba anaogopa. Kwangu alikuwa mwanamume wa nyumba, na pengine ni mimi niliyemtaka awe hivyo. Nililia pale mkekani, na mwenzangu akalia, na hatukushikana mikono wala nini. Tulikaa tu kila mmoja na kilio chake. Hayo ndiyo matanga yangu ya kweli. Yale ya mwanzo yalikuwa ya watu.

Alipojifuta macho akaniambia la pili. Ameposwa. Ni mtu mwenye duka la mbao hapo Mwanakwerekwe, aliyefiwa na mkewe, ana watoto, na ameshamjibu ndiyo.

Nitasema ukweli. Nilimchukia kwa muda wa pumzi chache. Yeye alikuwa kijana, hakuzaa na marehemu, sheria imemruhusu na akili inamruhusu, na hayo yote niliyajua. Lakini viatu viko mlangoni. Nilitaka kumuuliza viatu atavipeleka wapi. Badala yake nikauliza hija itakwenda wapi, na sauti yangu ilikuwa kavu.

"Ndiyo nnayotaka kukwambia," akasema. "Nnaingia nyumba ya mwanamume mwengine. Hija ya huyu isiingie na mie. Mume ataishika simu yangu, ataniuliza hiki nini, na mie sitaki kumficha wala sitaki kumwambia. Leo tuifungue pochi mpya kwenye simu yako. Nikuhamishie zote. Iwe yako peke yako."

Basi akanifundisha, na alinifundisha bila ya haraka. Kwanza programu yenyewe: tusiifuate kwa kiungo alichotumiwa mtu kwenye kundi, tuitafute pale zinapotolewa programu, tutazame aliyeitengeneza, maana za wizi zinavishwa sura ileile. Kisha namba ya siri. Nikachagua mwaka nilioolewa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema huo hata yeye anaujua, nitafute mwengine. Maneno yakitokea nisiyapige picha, kwa kuwa picha za simu zina tabia ya kujitembeza. Na atakayenipigia siku yoyote akijiita mhudumu, msaidizi, mkubwa wa mtandao, akaniuliza neno hata moja, huyo ni mwizi, nisibabaike na Kizungu chake.

Akanipa kalamu na karatasi. "Sasa yatatokea," akasema. "Mie sitotazama."

Akageukia ukutani. Alikaa amenipa mgongo, mikono mapajani, kanga imemteremka begani. Nikabonyeza. Maneno yakatokea, mapya yote, kumi na mawili kwa wakati mmoja, na hapakuwa na kiganja cha mtu kilichoziba chochote. Nikaanza kuandika. Nje gari la gesi lilikuwa likipita linagonga mitungi, na watoto wa jirani wanakariri somo lao.

Nilikuwa kwenye neno la tano au la sita nilipoanza kufikiri. Nimetaka muda wote huu kuwa na maneno yote, sasa ninayo. Lakini mimi ndiye mkubwa. Presha ninayo, magoti yameanza, na aliyetutangulia hakupewa hata nafasi ya kuvaa shati. Nikiondoka, wanangu wataikuta karatasi hii, nao ni watoto wema, wataigawa kama inavyogawiwa mali ya mama yao, kwa fungu na hukumu, na hakuna atakayekosea. Watakaoijua kuwa ni hija ni nani? Wifi ataiita mali ya kaka yake. Shemeji ataiita sarafu. Duniani yuko mtu mmoja tu, mbali na mimi, ambaye akiitazama atamwona yule bwana amelala chali anauliza habari za meli.

Nikamaliza la kumi na mbili. Nikayahakikisha kama simu ilivyotaka. Yeye bado alikuwa ameutazama ukuta, na alikuwa ameinama kidogo kwa kuchoka.

"Ushamaliza, dada?"

"Geuka," nikamwambia.

"Ficha karatasi kwanza."

"Geuka. Tafuta kalamu nyengine."

Akageuka, akaitazama karatasi mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaolewa, na kwamba nimeshaambiwa kwa nini haifai.

"Nimesikia," nikasema. "Basi kalamu iache, utayahifadhi kichwani kama nilivyofanya mie, ntakufundisha. Huko mume hafiki. Mmoja wetu atatangulia, na atakayebaki ndiye atakayempeleka hija."

Alisogea mpaka magoti yetu yakagusana, na mimi nikaanza kumsomea, la kwanza mpaka la kumi na mbili, naye akifuatisha.